Adapta ya Mama Mkwe

Nianze na uongo wangu, maana bila huo hakuna hadithi. Mama yangu hajawahi kumtumia mume wangu salamu, hata moja. Kila niliporudi kutoka Kolo, Sila akaniuliza, "Mama hajambo? Ameniulizia?" nilimjibu, "Hajambo, anakusalimia sana." Miaka saba. Salamu zote hizo nilizitunga mimi ndani ya basi, na kwa kuwa siku hizi barabara ya Kondoa ni lami tupu na safari ni fupi, nyingine nilizitunga nikiwa tayari nagonga mlango.

Sila ni Mgogo wa Chamwino, Mwanglikana, mtoto wa katekista. Mimi ni Salma, Mrangi wa Kolo, binti wa marehemu mzee Habibu. Tulifunga ndoa bomani. Mama hakuja, alisema mguu unamuuma. Mguu huo uliuma siku ya ndoa, ukauma tena siku tulipomwalika kuja kumwona binti yetu Hana alipozaliwa, na hapo katikati ulikuwa mzima, unapanda milima na kushuka.

Mama yangu si mtu mbaya, na atakayesema hivyo tutagombana. Alilelewa akijua kwamba mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni, hawali sinia moja, na likiwapo neno la kuambiana linapita kwa mtu wa tatu. Hiyo ni heshima, nami naipenda. Lakini kwa Sila, mama aliichukua heshima hiyo akaijengea ukuta. Tukienda kwake Idi, Sila humwamkia, "Shikamoo mama," naye hujibu, "Marahaba," akiuelekea mlango. Imekwisha. Yaliyobaki yote huanza na "mwambie mwenzako", hata kama mwenzangu mwenyewe amekaa hatua mbili kutoka pale na masikio yake yote mawili. Jina lake hakuwahi kulitaja.

Mimi nimeajiriwa masjala. Kazi yangu ni kuhamisha majalada kutoka meza hii kwenda ile bila kugusa kilichomo ndani. Nyumbani nilifanya kazi hiyohiyo, ila huko nilikuwa nagusa.

Mwezi wa sita, baada ya ulezi kuvunwa, nilikwenda Kolo peke yangu. Siku ya kuondoka mama akanifungia kikapu: unga, karanga, chupa ya mafuta ya ufuta. Juu yake akatupia kidude cheusi, kifupi kama kidole gumba, chenye kichwa cha kuchomeka kwenye kompyuta.

"Mpe mtoto achezee," alisema. "Mudrick alikinunua cha dukani kwake, kikamshinda. Anasema ni kibovu. Nami kutupa naona uchungu."

Mudrick ni kaka yangu, ana duka la kuchapa na kutoa fotokopi Kondoa mjini. Mama naye hatupi kitu. Nyumbani kwake hata kifuniko cha chupa kina kazi yake.

Nilifika kwetu Dodoma, mtaa wa Kikuyu, jioni, vumbi la stendi limenijaa mpaka kwenye kope. Sila alikuwa jikoni anakoroga mlenda. Akaniuliza kama kawaida yake, nami nikajibu kama kawaida yangu. Ila safari hii akacheka, akasema, "Salamu, salamu, salamu. Siku moja mama atanipa hata kiazi?"

Alitania tu. Sila hanung'uniki, akinung'unika anatania. Lakini nilimwona uso kabla kicheko hakijafika machoni, nikamhurumia mno, nikaingiza mkono kikapuni nitoe karanga niseme ni zake. Mkono ukatoka na kile kidude.

"Hiki amekupa wewe," nikasema. "Amesema, mwenzako si mtu wa kompyuta? Mpe."

Sila aliacha mwiko. Akanawa mikono, akaipangusa kwenye suruali, akakipokea kwa mikono miwili. Nilijua palepale kwamba nimefanya kosa, lakini maneno yakishatoka hayarudi, na mlenda ulikuwa unaungua.

Sikuogopa sana mwanzoni. Mudrick alikuwa amesema ni kibovu. Sila angekijaribu, kingekataa, angekiweka kwenye droo pamoja na nyaya zake, na ingebaki ile furaha ya kupewa. Ndivyo nilivyodhani. Miaka saba ya ndoa na bado simjui mume wangu.

Kesho yake aliniambia, "Si kibovu. Hakijulikani tu."

Nieleze hapa alivyonieleza, maana nililazimishwa kuelewa. Kidude kile ni adapta ya waifai, unakichomeka kwenye kompyuta inapata mtandao bila waya. Sila ni fundi wa kompyuta katika chuo kimoja cha binafsi hapa mjini, na kompyuta yake mpakato ya nyumbani ilikuwa imekufa waifai yake ya ndani tangu mwaka juzi, kwa hiyo alikuwa anaunganisha mtandao kutoka kwenye simu kwa waya. Sasa, kompyuta yake haitumii Windows kama za ofisini kwetu. Inatumia Linux, na hilo ni dhehebu lake la pili baada ya Anglikana. Kila kifaa unachokichomeka kinahitaji draiva, yaani programu inayojua lugha ya kifaa hicho, ikae katikati, ichukue maneno ya kompyuta iyafikishe kwa kifaa na ya kifaa iyarudishe kwa kompyuta. Kwa kidude hiki, draiva ya Linux haikuwapo popote. Waliokitengeneza hawakuandika hata jina lao. Sila alikifungua kwa kisu cha jikoni akakuta maandishi ya kwenye chipu yamekwanguliwa.

"Sasa?" nikamuuliza.

"Nitaiandika mwenyewe."

"Sila, mtu akikosa kijiko anakwenda dukani, haanzi kuchonga mti. Nunua nyingine."

"Ya mama ipo," alisema, na akavuta kiti.

Basi zikaanza wiki tatu za adapta. Akitoka chuoni anakaa nayo mpaka chakula kinapoiva. Jumamosi anakaa nayo, Jumapili akitoka kanisani anakaa nayo. Kwanza kidude kilimdanganya: ukikichomeka kinajitangaza kuwa ni diski ya kuhifadhia vitu, na ndani ya diski mna draiva ya Windows. Inabidi ukiamuru kitoke, ndipo kinarudi kwa sura yake ya kweli. "Kama mgeni anayesema anapita tu," nikamwambia, "kumbe amekuja kulala." Akacheka hadi akakohoa. Ndiyo maana nampenda mtu huyu, ukimtania hata kichwa kikiwa kinamuuma atacheka.

Baada ya hapo akaazima chuoni kompyuta yenye Windows. Humo kidude kilifanya kazi bila shida. Kumbe dukani kwa Mudrick kilikataliwa na mashine yake ya kizamani, si kwamba ni kibovu. Sila akaweka programu ya kusikiliza, akarekodi kila neno ambalo Windows inakiambia kidude na kila jibu ambalo kidude kinarudisha. Maneno yenyewe ni namba tu na herufi chache, mistari maelfu. Akanunua daftari kubwa la kaunta akawa anayanakili kwa penseli, anachora mishale, anaandika pembeni: *hapa anauliza jina, hapa anapandisha programu ya ndani, hapa sijui, hapa sijui, hapa sijui.* Kisha anajaribu kuyasema maneno hayohayo kutoka kwenye kompyuta yake mwenyewe. Kidude kinawasha taa ya kijani. Kinaorodhesha mitandao ya majirani, "Bando Langu Jasho Langu" na "Parokiani", halafu taa inazimika na kompyuta nzima inaganda.

Mara hamsini. Mara mia. Alipungua, jamani. Nilikuwa nikimtazama akiinamia lile daftari, shingo imemtoka, nikajua anachotafunwa nacho si draiva, ni uongo wangu. Na mimi nikiona aibu huwa nakasirika. Nikaanza kumgombeza kwa mambo ya ovyo: viatu mlangoni, ndoo haijajazwa, Hana hajakatwa kucha.

Nilimweleza Yudith, tunayekaa naye masjala, nikamficha sehemu ya uongo. Yudith akasema, "Nunua inayofanana nayo, inayokubali Linux, mbadilishie kimyakimya. Wanaume hawaoni vitu vidogo."

Nilikwenda madukani na daftari langu la kumbukumbu, nikauliza kama mtu anayejua, nikapata nyeusi, fupi, kichwa kilekile. Jioni Sila alipokuwa bafuni nikachomoa ya Mudrick nikaifunga kwenye pindo la kanga yangu, nikachomeka ile mpya. Nikasimama pembeni na kikombe cha chai kama mtu aliyepita njia.

Sila alikuja na taulo begani, akakaa. Mtandao ukashika wenyewe. Nikasubiri apige kelele. Hakupiga. Aliandika mstari mmoja, akausoma.

"Salma," aliniita, hata hakugeuka. "Iko wapi ya mama?"

Nikajifanya simwelewi. Akanionyesha kwenye kioo: kila kifaa kina namba zake za kuzaliwa, za aliyekitengeneza na za kifaa chenyewe, na kikichomekwa tu kinazitaja. "Za adapta ya mama nazijua kuliko namba yangu ya simu," alisema.

Nikafungua pindo la kanga nikamkabidhi. Nilidhani atanikasirikia, na ningefurahi angenikasirikia. Badala yake akanishika mkono akanikalisha.

"Mama yako hatupi kitu," alisema. "Wewe mwenyewe umeniambia. Kwa hiyo alikaa, akafikiri, huyu kijana wa Chamwino nimpe nini. Hata kama ni dakika moja, Salma, alinifikiria mimi. Dakika hiyo nikaiweke kwenye droo?"

Nilifumbua mdomo nimwambie. Wallahi nilifumbua. Kisha nikaufumba, nikaenda kumkorogea mtoto uji ambao hakuuomba.

Siku mbili baadaye mama akapiga simu. Daktari wa Kondoa amempa barua aje kuonwa macho Dodoma, atafika Jumatano, atalala kwangu. Kwangu! Hakuwahi kukanyaga nyumba hii. Nilipomwambia Sila, alisimama katikati ya sebule akaitazama kama haijui, kisha akaanza kupanga viti.

"Atakikuta kinafanya kazi," alisema. "Na nitamshukuru kwa mdomo wangu mwenyewe. Mila inisamehe, zawadi haishukuriwi kwa kutumwa mtu."

Usiku ule sikupata usingizi, na asubuhi nikajikuta naomba dua ambayo mke mwema haombi: kwamba draiva ya mume wangu isifanye kazi.

Dua yangu haikukubaliwa. Jumamosi, saa tatu asubuhi, nikiwa nachambua mchele, nilimsikia Sila anasema taratibu, "Mimi ni mjinga."

"Leo umejua?" nikamjibu kutoka uani.

Alikuja mlangoni na lile daftari. Alikuwa amenakili kila neno kwa mpangilio wake, lakini alikuwa ameziacha nafasi. Katika rekodi ya Windows, baada ya kupandisha programu ya ndani ya kidude, kulikuwa na kimya, karibu nusu sekunde, kabla ya neno linalofuata. Sila alidhani ni uzito tu wa Windows, maana Windows anaidharau. Kumbe nusu sekunde ile ndiyo kidude kinajikusanya, kinaamka. Draiva yake ilikuwa inakirushia neno la pili kabla hakijafungua macho, ndiyo maana kinazimia.

"Niliandika maneno nikafuta kimya," alisema. "Wiki tatu!"

Akarudi ndani akaongeza mstari mmoja wa kuiambia draiva ingoje. Nikamfuata na ungo mkononi. Taa ya kijani ikawaka. Majirani wakajipanga, "Bando Langu", "Parokiani", na wa kwetu wa kwenye simu. Akabonyeza wa kwetu. Taa ikabaki imewaka. Tukangoja dakika moja, mbili, kumi. Haikuzimika.

Sila alipiga vigelegele. Mwanamume mzima, mzee wa kanisa mtarajiwa, vigelegele! Alimbeba Hana, akanibeba na mimi na ungo wangu, mchele ukamwagika sebule nzima. Baba mwenye nyumba, mzee Ludovick, akachungulia ukutani kuuliza kama tumepata harusi. Nami nililia. Nililia kwa furaha, kwa sababu nilikuwa nimemwona mtu wangu akishindwa kila siku kwa wiki tatu na sasa ameshinda, na nililia kwa woga, kwa sababu Jumatano ilikuwa imebakiza siku nne.

Mama alifika na basi la asubuhi, mnyoofu, mkoba begani, kuku mmoja mkononi. "Shikamoo mama," Sila alimwambia stendi. "Marahaba," mama akaliambia basi. Nyumbani alikula chumbani kwa Hana pamoja na mtoto, ambaye mama alimwita "mke mwenzangu" kwa utani wa bibi na mjukuu, wakachekeana mpaka mlo ukapoa. Sila alikula uani. Nikawa nahama kati yao: mwambie mwenzako maji ya kuoga ni moto mno, mwambie mama samahani nitayapoza. Nilitaka nimvute mama pembeni nimweleze, lakini kila nilipomkuta peke yake alikuwa kwenye mswala, na nadhani kuna mara nyingine nilimsubiri makusudi afike kwenye mswala.

Alhamisi alionwa macho, akapewa dawa ya matone. Ijumaa jioni, baada ya Magharibi, alikuwa ameketi kwenye mkeka sebuleni, mimi kando yake. Sila akaingia na kompyuta yake, akaiweka kwenye meza ndogo, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, macho chini, kama nilivyomfundisha. Adapta ilikuwa imechomekwa, taa yake inawaka.

"Mama," akasema. "Naomba radhi kwa kusema mwenyewe. Nashukuru sana kwa zawadi."

Mama aligeuza uso kwangu. "Mwulize mwenzako, zawadi gani?"

Sila akadhani amesahau, akaelekeza kidole. "Hii, mama. Uliyompa Salma aniletee mwezi wa sita."

Mama alikaza yale macho yake yenye dawa. "Hicho si kile cha..." akaanza, kisha akanitazama. Mimi uso wangu haujawahi kumficha mama kitu. Alinisoma mpaka mwisho, ukurasa kwa ukurasa. Halafu akasema, polepole, "Mwambie aeleze kilivyofanya kazi."

Sila akaeleza. Sijui ni kwa nini mtu mwenye aibu hivyo akianza kusema juu ya draiva aibu inamtoka. Alifungua daftari, akamwonyesha mishale, akasimulia jinsi kidude kinavyojidai ni diski, jinsi alivyotega sikio kwa Windows, jinsi alivyofuta kimya. Mama alisikiliza kichwa kimeinama upande mmoja. Mwishowe akaniambia, "Mwambie, ni kama yule punda aliyemnunua baba yako kwa Wabarabaigi. Tulimpiga, tulimbembeleza, hasogei. Mpaka baba yako alipomfuata mwenyewe wa zamani akakaa kwake siku mbili, akamsikiliza anavyomwita."

"Ndivyo hasa, mama!" Sila akaruka kutoka kigodani. "Ndivyo hasa. Siku zote natafuta mfano, huo ndio wenyewe."

"Mwulize imemchukua muda gani."

"Wiki tatu, mama."

Mama akakitazama kile kidude. Kisha akasema, "Mwambie anipe."

Sila alikichomoa. Mtandao ukakatika, kompyuta ikaandika kwamba haina kitu. Akakiweka kwenye kiganja changu, nami nikakiweka kwenye cha mama. Mama akakishika kama anavyoshika yai, akajigeuza juu ya mkeka, mwili mzima, mpaka akawa anamtazama Sila usoni.

"Mimi sikukupa hiki," alisema.

Sila alimtazama mama, akanitazama mimi.

"Mimi ni mtu mzima na naswali. Siwezi kula shukrani ya kitu nisichokitoa. Hiki kilikuwa cha Mudrick, kikamshinda, nikasema apewe mtoto achezee. Wewe sikukufikiria."

Maneno hayo mawili ya mwisho niliyaona yakimwingia. Aliangalia daftari lake lililokuwa wazi mezani, kisha akaniuliza mimi, kwa sauti ndogo sana, "Na salamu?"

"Salamu gani?" mama akauliza.

"Nilizitunga," nikasema. "Zote. Tangu mwanzo." Nikaanza kulia, na si kilio cha kupendeza, kilikuwa cha makamasi. Nilimwambia kwamba nilikuwa sipendi uso wake anapouliza akakosa, kwamba nilimpenda kwa ujinga. Sila alinisamehe baadaye, kwa taratibu zake, baada ya siku kadhaa za kutonitania hata kidogo, na hayo yetu tutabaki nayo. Lakini wakati ule alikuwa amekaa tu, mikono katikati ya magoti, kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake.

Mama ndiye aliyesema kwanza.

"Wiki tatu," alisema. Alikuwa anamwambia Sila, si mimi. "Kwa kitu ulichodhani nimekupa."

"Ndiyo, mama."

"Mudrick nimemzaa, alikitupa kwa siku moja." Akatikisa kichwa. "Miaka saba unaniamkia. Nami najibu ukutani. Astaghfirullah."

Alivuta pindo la kanga yake akakipangusa kile kidude, upande huu na upande ule, kichwa na mkia, kama anayepangusa kikombe cha mgeni. Kisha akakiweka kwenye kiganja cha mkono wa kuume akaunyosha, akanipita mimi niliyekaa katikati.

"Sasa nakupa," alisema. "Huu ni mkono wangu na nia ni yangu. Bismillahi. Pokea, Sila."

Sila alishuka kigodani akapiga magoti kwenye sakafu. Alikipokea kwa mikono miwili, na hakuinamisha macho wala mama hakuyahamisha ya kwake. Kwa muda hakuna aliyesema neno, na mimi, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, niliuacha ukimya ukae.

"Umekula?" mama akauliza.

Nilikuwa nimekwisha kufumbua mdomo nilifikishe swali upande wa pili, kwa mazoea, lakini Sila alikuwa tayari amejibu.

"Bado, mama."